Lushoto wikiendi moja? Futa Mtae kwenye hiyo ratiba, mkuu

Mkuu, futa Mtae. Futa sasa hivi, kabla hujamwonyesha mchumba hiyo ratiba.

Nimesoma ulivyopanga: Ijumaa mnatoka Dar, Jumamosi Irente na msitu wa Magamba, jioni mnapanda gari la Mtae, kile kijiji cha ukingoni mwa Milima ya Usambara, mnalala huko, Jumapili asubuhi mnatembea ukingoni, mchana mnarudi Lushoto, usiku Dar, Jumatatu kazini. Hiyo ratiba naijua vizuri. Niliifuata hivyo hivyo mimi na shemeji yangu, na mpaka leo shemeji akisikia nataja milima anauliza kabichi zimefika bei gani.

Nani anawaambia watu kwamba Mtae ni ya kwenda na kurudi? Sisi alituponza jamaa mmoja mtandaoni. Picha zake kali, amekaa juu ya mwamba, miguu inaning'inia, tambarare ya Mkomazi yote iko chini yake. Kaandika kwamba ukitoka Lushoto ni pua na mdomo. Baadaye sana, tulishaumia tayari, ndipo nikaona pembeni ya picha moja tairi la Land Cruiser. La kwake! Mtu ana gari lake, anaondoka saa anayotaka, halafu anakupangia safari wewe unayebana nauli. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa heshima. Akanijibu kwa kidole gumba.

Sasa sikiliza. Lushoto mpaka Mtae kwa barabara ni zaidi ya kilomita 50, na hizo ni kilomita za mlimani: kona, vumbi, mvua ikinyesha ni tope jekundu. Wanaotembea kweli kwa miguu, kwa kupitia Magamba na Rangwi, huchukua siku 3 mpaka 5 wakilala vijijini njiani. Wewe una Jumapili moja.

Lakini umbali sio uliotuua. Kilichotuua ni gari la kurudi. Magari ya Mtae hayakuwekwa kwa ajili ya mimi na wewe. Ni ya watu wa Mtae wanaoteremka Lushoto hospitali, sokoni, wilayani. Kwa hiyo yanalala kule juu, yanashuka alfajiri kabla hakujapambazuka, na mchana yanapanda tena kurudisha watu makwao. Ukitaka kushuka mchana unasubiri gari linalokuja upande usio wako.

Sisi alfajiri hiyo tulilisikia likipiga honi. Shemeji akageukia ukutani akasema hawa watu wa huku wanaamka mapema kweli. Tukaendelea kulala. Asubuhi tukatembea ukingoni mpaka Mambo, na sitadanganya, pale ni pazuri: Milima ya Upare ile kule, nyika yote chini, hewa safi mpaka unajisikia umepunguza umri. Tukarudi Mtae mchana tukaenda panapogeuzia magari. Kuna mama anauza chai na maandazi. Nikamwuliza, "Mama, gari la Lushoto linatoka saa ngapi?" Akaniangalia, akamalizia kumimina chai ya mtu, kisha akasema, "La kesho, baba?"

Tiketi za Dar zilikuwa mfukoni, zimelipiwa.

Bodaboda ilikuwapo moja. Dereva alitaja bei ambayo sitaiandika hapa maana mke wangu naye ni mwanachama wa jukwaa hili. Tukapanda mshikaki, mabegi mgongoni (kuhama gesti na mabegi yote ndiyo akili pekee tuliyoonyesha safari nzima). Hatujafika mbali, mvua. Udongo ukajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi likagoma kuzunguka. Dereva anashuka, anauchokonoa kwa kijiti, tunasogea kidogo, unajaa tena. Sehemu za mteremko tulishuka tukawa tunaisukuma sisi, kwa hela yetu.

Tulifika Lukozi giza limeingia. Lukozi ndiko mboga zinakopakiwa kwenda Dar, tukapata Fuso la kabichi. Mbele kumejaa, kwa hiyo sisi juu, chini ya turubai. Kama hujawahi kulalia kabichi nikujulishe tu kwamba hazibonyei, na ukijigeuza zinalia kama viatu vipya. Kona za kushukia Mombo nilizihesabu kwa mbavu. Maporomoko ya Soni, ambayo ndugu yangu na wewe umeyaweka kwenye orodha ya picha, niliyapita nimejifunika turubai. Jumatatu niliingia ofisini mchana, bosi akaniuliza kama nimeanza biashara ya mboga.

Kwa hiyo popote unapokwenda milimani, uliza gari la kurudi kwanza. Njia, mandhari, picha, hayo baadaye. Na usimwulize mwenye picha nzuri. Mwulize anayelipanda hilo gari: mama wa chai, mwalimu, mgonjwa anayekwenda kliniki. Mwenye gesti naye mwulize mara mbili, maana wengine wakijua umekosa gari wanajua utalala kwao usiku mwingine.

Kwa siku zako hizo baki Lushoto. Irente Viewpoint unatembea kwa miguu kupitia Yoghoi, ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida, na ukifika ukingoni kijiji cha Mazinde kiko chini karibu mita 1,000. Mchumba ataridhika, niamini. Njiani pita Irente Farm mle mkate na jibini yao. Magamba ni hifadhi ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), kuna kiingilio, chukueni mtu wa kuwatembeza, mle ndani njia zinagawanyika na ukungu ukishuka huoni kitu. Mkibahatika mtaona mbega. Viatu vyovyote vyenye meno. Baridi ipo, hasa Juni na Julai, usije na vesti.

Kuna kitu kingine uliuliza, bei ya gesti nafikiri, wadau wa Lushoto watakujibu.

Kuhusu kurudi Dar: mabasi ya moja kwa moja mengi huondoka asubuhi. Ukiyakosa, shuka Mombo kwa gari dogo ukadake yanayotoka Arusha na Moshi, ila Jumapili yanakuja yamejaa. Kwa hiyo leo, kabla ya kulipia chumba, pigia ofisi ya basi lako uliza la mwisho Jumapili linaondoka Lushoto saa ngapi. Halafu rudi hapa uandike hiyo saa, tuione.