Kuwasha Land Rover ya marehemu iliyolala miaka 4

Pole tena kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza kama Land Rover Series III ya jeshi, ya petroli, aliyoiacha marehemu rafiki yetu hapo Tanga itawaka baada ya kulala miaka 4. Itawaka, ila usiguse starta kwanza. Toa plagi zote 4, tia kijiko kimoja cha oili kila silinda, acha ilale usiku kucha, kisha zungusha injini taratibu kwa hendeli. Ukilazimisha, ringi za pistoni zilizoshika kutu zinavunjika. Petroli ya zamani mwaga yote, inaganda kama gundi kwenye kabureta. Pointi (zile swichi ndogo ndani ya distributa zinazokata umeme wa cheche) piga msasa laini, acha nafasi ya milimita 0.4, waya za plagi zinafuata mpangilio wa silinda kuwaka, yaani 1-3-4-2. Hakikisha umeme ni volti 12, maana zilizobeba redio za jeshi zilikuwa 24.

Kazi kubwa iko kwenye chesisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari. Bodi ni aluminiamu, inang'aa na kudanganya watu, huku chuma cha chini kinaliwa na chumvi ya bahari. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma. Palipoliwa na kutu hapalii, panabonyea. Marehemu alizoea kuweka alama ya chaki sehemu hizo. Zitafute kabla hujaosha gari, atakuwa amekurahisishia nusu ya kazi.