Mimba na baridi yabisi: usiache dawa zote kwa mkupuo

Kosa linalogharimu zaidi hufanyika siku kipimo cha mkojo kinapoonyesha mistari miwili. Mama anafurahi, anaogopa, kisha anaweka kando vidonge vyote alivyokuwa akimeza. Nia ni njema, lakini baridi yabisi ikiachwa iwake nayo humfikia mtoto, kwa sababu huongeza uwezekano wa kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo. Kinachotakiwa ni kujua dawa ipi iachwe, ipi iendelee, kwa kiasi gani na mpaka wiki ya ngapi.

Dawa isiyo na mjadala, lazima iachwe, ni methotreksati. Huharibu maumbile ya mtoto na huweza kutoa mimba, kwa hiyo huachwa kabla hata ya kuanza kutafuta ujauzito. Madaktari wengi husubiri miezi 3, wengine huridhika na 1. Ikitokea mimba imeingia ukiwa bado unaitumia, acha kuitumia papo hapo, umwone daktari mapema iwezekanavyo, na uulizie asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku pamoja na picha ya altrasaundi ya mapema. Leflunomidi ni kaidi zaidi, maana mabaki yake hukaa mwilini hata miaka 2. Huoshwa mwilini kwa dawa iitwayo kolestiramini, gramu 8 mara 3 kwa siku, kwa siku 11, kisha damu hupimwa mara mbili kwa kupishana wiki 2. Vidonge vipya kama tofasitinibu na barisitinibu navyo si vya wakati huu.

Ziko dawa zinazoendelea miezi yote 9. Haidroksiklorokwini ni mojawapo, kwa kawaida isizidi miligramu 400 kwa siku. Salfasalazini pia, hadi gramu 2 kwa siku, ila hiyo hupunguza foliki mwilini, kwa hiyo isindikizwe na asidi ya foliki miligramu 5. Kidonge kidogo wanachopewa wajawazito wengine hakitoshi hapo. Prednisoloni nayo inaruhusiwa, kwani kondo la nyuma huibatilisha sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Shida yake iko kwa mama: kadiri dozi inavyopanda, ndivyo shinikizo la damu na kisukari cha mimba vinavyokaribia. Miligramu 5 kwa siku, au karibu na hapo, ndiyo shabaha nzuri. Usiikatishe ghafla hata ukijisikia mzima. Mwili uliozoea steroidi kama hii husahau kutengeneza ya kwake, na ikikatwa kwa mpigo unaweza kuzimia.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo ya kwanza, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni na diklofenaki zinahitaji kalenda. Wakati wa kutafuta mimba zinaweza kuzuia yai lisitoke. Kuanzia wiki ya 20 huweza kupunguza mkojo wa mtoto, na maji ya uzazi yakapungua, na kuanzia kama wiki ya 28 huweza kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake. Jeli na marhamu za kupaka zenye dawa hizo zihesabiwe humo humo. Watu wengi hudhani kinachopakwa hakifiki ndani. Aspirini ya dozi ndogo ni habari tofauti. Ukiandikiwa ili kukukinga na kifafa cha mimba, imeze.

Kuna imani kwamba mimba hutibu ugonjwa huu. Msingi wake upo: mwaka 1938 daktari Philip Hench wa Marekani aliandika jinsi wagonjwa wake walivyopata nafuu wakiwa wajawazito. Vipimo vya kisasa ni vibahili zaidi, kwani takriban nusu ndio hupata nafuu ya maana, na waliobaki hukaa vile vile au huzidiwa. Anayeingia kwenye mimba ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi 3 hadi 6 ndiye mwenye nafasi nzuri. Na katika kufuatilia, msibabaishwe na ESR, kipimo cha damu cha kuangalia uvimbe mwilini, maana hupanda kwa kila mjamzito. CRP, kipimo kingine cha damu cha uvimbe, husema kweli zaidi, na vidole vya daktari vikibonyeza viungo husema kweli kuliko vyote viwili.

Kabla ya wiki ya 16, hakikisha umepimwa kingamwili za anti-Ro. Ukiwa nazo, moyo wa mtoto husikilizwa mara kwa mara kati ya wiki ya 16 na ya 26, kwa sababu kingamwili hizo huweza kuziba njia za mapigo yake. Hutokea kwa wachache, kama 2 katika kila 100.

Ukakamavu wa asubuhi hupungua ukiutangulia. Amka nusu saa kabla ya muda unaouhitaji, loweka viganja kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, huku ukikunja na kukunjua vidole polepole. Uvuguvugu, si moto wa kukutoa jasho. Kiungo kilichovimba na kuwaka hupenda baridi: barafu ndani ya kitambaa, dakika 10, kisha pumzika. Usiku lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Vidole vitatu vya kwanza vikifa ganzi usiku, usikimbilie kudhani ugonjwa umepanda. Mara nyingi ni maji yanayojikusanya mwilini wakati wa mimba, yanayobana neva kwenye kifundo cha mkono. Gango la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, livaliwe usiku tu, hutosha. Lakini kiungo kimoja kinachowaka peke yake pamoja na homa, au mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Miezi ya mwisho, zungumza na mtaalamu wa nusu kaputi kabla uchungu haujaanza. Baridi yabisi ya miaka mingi hulegeza mifupa ya juu ya shingo, na kichwa kikivutwa nyuma ili kupitisha mpira wa hewa, uti wa mgongo unaweza kuumia. Mwonyeshe mkunga nyonga zako zinafunguka kiasi gani. Zikigoma, kuzalia ubavu kunawezekana. Kama umekuwa kwenye prednisoloni kwa wiki kadhaa, uliza kuhusu dozi ya ziada ya haidrokotisoni, steroidi nyingine, wakati wa uchungu.

Kisha linakuja lile ambalo maandalizi mengi hulisahau. Ugonjwa hupenda kurudi ndani ya miezi 3 baada ya kujifungua, wakati usingizi ni haba na mikono ina kazi maradufu. Omba miadi ya daktari wa viungo ya wiki ya 4 hadi ya 6 ungali na mimba. Prednisoloni, haidroksiklorokwini na ibuprofeni zinakubaliana na kunyonyesha, methotreksati hapana. Salfasalazini ni sawa kwa mtoto aliyetimia na mwenye afya, si kwa njiti wala mwenye manjano. Na kama ulichomwa sindano za kibayolojia, yaani dawa za baridi yabisi zinazotuliza kinga ya mwili, miezi ya mwisho, mwambie muuguzi kabla mtoto hajapewa BCG, kwani chanjo hai, yaani yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, huenda ikasubiri miezi 6.

Mtoto mwenyewe abebwe kwa mikono ya mbele na viwiko, si kwa kumkwapua kwa vidole gumba. Akinyonya, mto ndio ubebe uzito wake. Abadilishiwe nguo kwenye meza ya kimo cha kiuno, na nguo ziwe za zipu au za kubandika, kwa sababu saa 10 alfajiri vifungo vidogo vya kubana havifunguki kwa vidole vilivyokakamaa.