Kabla ya kukimbilia maabara, gusa tumbo

Wadogo zangu mlioripoti wodini mwezi huu, karibuni Mwanza. Juzi nimemkuta mmoja wenu amefungua koki ya chini ya mfuko wa katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, anakinga mkojo wa kalcha, yaani wa kuoteshwa maabara kutafuta bakteria. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, si mkojo ni uleule?" Nikaenda kunywa chai kwanza. Sasa nimetulia, naandika.

1. Mkojo si uleule. Ulio kwenye mfuko umelala humo masaa, bakteria wamezaliana, na mgonjwa ndiye atakayemezeshwa antibiotiki za wadudu wa mfuko. Bana mpira chini ya sehemu ya kuchukulia sampuli, subiri robo saa hivi, futa kwa spiriti, vuta kwa bomba la sindano. Kontena lifike maabara ndani ya saa moja au mbili; ikishindikana, friji, na si lile la vyakula vyetu, tafadhali. Asiye na katheta ajisafishe, aachie wa mwanzo uende, akinge wa katikati. Mwelezeni kwa maneno yake. Mama wa Igogo ukimwambia "midstrimu" atatikisa kichwa, aende chooni, akuletee alichoona kinafaa. Kila mtu mjini hapa ana "UTI sugu". Nyingine naamini zilizaliwa kwenye makontena yetu.

2. Mkiliona ziwa mnadhani kila damu kwenye mkojo imetoka humo. Kichocho cha ufukweni huku kwa sehemu kubwa ni cha tumbo, mayai yake yanatafutwa kwenye choo kikubwa. Kile cha mkojo kimeshika zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, Misungwi na Kwimba huko. Kwa hiyo usimuulize mtoto kama anaishi karibu na ziwa ukaishia hapo. Muulize anachunga wapi, anaoga lambo gani. Mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na safari hii wa katikati hatuutaki, tunataka matone ya mwisho. Arukeruke kidogo kabla ya kukojoa. Wodi itawacheka. Iacheni icheke.

3. Gusa tumbo. Hili nililipia, si kwa fedha.

Nilikuwa mpya kama ninyi, kituo sikitaji. Tulilaza mzee kutoka ng'ambo ya Sengerema, homa, amechoka, anaongea Kisukuma tu. Nikamsalimia "Mwangaluka" kwa mbwembwe, akafurahi, nami nikajiona nimeshamaliza kuchukua historia. Nikamuuliza kupitia mjukuu wake wa kike kama haja ndogo inatoka. Inatoka, akasema. Na kweli ilikuwa inatoka: shuka lilikuwa limelowa, tukabadilisha, likalowa tena. Kwenye chati nikaandika "anapitisha mkojo vizuri", kwa mwandiko mzuri tu. Usiku kijana wake akanifuata mezani: "Sista, mbona tumbo la mzee limejaa?" Nikamwambia amekula ugali, apumzike.

Asubuhi kwenye raundi daktari akaweka kiganja chini ya kitovu, mzee akaguna. Akagonga kwa vidole. Mlio mzito, bubu, kutoka kwenye kinena hadi kitovuni. Kibofu. Kilikuwa kimejaa kiasi kwamba kilichokuwa kinalowesha shuka ni kile kilichokosa pa kukaa. Tulipoweka katheta ukatoka zaidi ya lita moja, na mzee akalala usingizi kabla hata sijafunga mfuko. Tezi dume. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa imepanda. Daktari hakunifokea. Alisoma chati yangu kwa sauti, basi, mbele ya kijana yule aliyekuwa ameniuliza usiku.

Kreatinini ilishuka siku zilizofuata, mzee akarudi kwao na mpira wake. Lakini fikirini: hakuna kipimo nilichokosa. Mkono nilikuwa nao. Na yule mjukuu, mzee gani wa Kisukuma atamweleza binti wa binti yake kwamba anasimama chooni nusu saa anakamua matone? Nilipaswa kumtafuta mwanaume amuulize: unaanza kwa shida? unakatika katikati? usiku unaamka mara ngapi? Siku hizi nikiona "anapitisha mkojo vizuri" bila mililita nauliza ni ngapi. Mtu mzima anatarajiwa walau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Shuka halina alama za mililita. Na mkishatoa mkojo mwingi hivyo, msiondoke: presha, damu kwenye mfuko, na ujazo kila saa, maana figo zilizofunguliwa ghafla huweza kumwaga maji kupita kiasi. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, isikimbiliwe wiki hiyo. Kibofu kuziba na mpira wenyewe vinaipandisha.

4. Kichupa cha dipstiki, vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, kifunikwe, na seli nyeupe zisomwe dakika ya pili, si wakati unaobanwa na simu. Kabla ya CT ya dawa, ile picha ya kuchomwa dawa mshipani, uliza kreatinini, na kama anatumia metfomini ya kisukari.

5. Mkojo wa masaa 24. Wa kwanza unamwagwa, saa inaandikwa, kisha kila tone linahifadhiwa hadi saa ileile kesho, pamoja na la mwisho. Mwambieni mgonjwa, mwambieni anayemuuguza, mwambieni na wa kitanda cha pili. Kuna mama mmoja muungwana alikuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani. Usiku akaona jagi la watu limejaa, akahurumia wodi, akamwaga, akalisugua kwa sabuni na kuligeuza lichuje maji. Alituambia mwenyewe asubuhi, akisubiri shukrani. Tukamshukuru. Tukaandika upya saa kumi na mbili, tukamwaga wa kwanza.