Kengele ya moshi imetakiwa irudishwe, lakini nikiijaribu inalia

SWALI: Fundi, nimesikia kengele ya moshi ya aina niliyo nayo imetangazwa irudishwe kiwandani kwa kuwa ina kasoro. Nimebonyeza kitufe cha kujaribia, ikalia kwa nguvu. Si ina maana yangu ni nzima? Na ile ya kaboni monoksaidi, niipime vivyo hivyo?

JIBU: Hapana, na naomba mlio huo usikutulize. Kwenye kengele nyingi kitufe hicho hupima betri, saketi na king'ora. Hakiingizi moshi ndani, kwa hiyo hakikuambii kama moshi wenyewe utakifikia kihisi, yaani sehemu inayoutambua moshi.

Machi 2018 kampuni ya Kidde ilitangaza kurejeshwa kwa kengele za moshi zipatazo 452,000 nchini Marekani, na nyingine kama 40,000 Kanada, modeli PI2010 na PI9010. Zina vihisi viwili, na katika baadhi yake kifuniko kidogo cha njano kilisahauliwa ndani wakati wa kuziunda, kikaziba kihisi kimoja. Kasoro ya namna hiyo huigundui kwa kubonyeza. Wenye nazo waliambiwa waishushe kengele, wachungulie kwa ubavuni, na wakiona rangi ya njano wadai nyingine bure. Walikatazwa kabisa kuifungua na kukitoa kifuniko wenyewe.

Kwa hiyo shusha yako, geuza nyuma, soma namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, kisha linganisha na tangazo herufi kwa herufi. Jina la kampuni peke yake halitoshi. Lisome tangazo lote, maana dawa hutofautiana: mwaka 2014 kengele za Nest Protect zipatazo 440,000 zilitibiwa kwa kusasisha programu tu.

Ya kaboni monoksaidi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Moshi unaweza kuunusa. Gesi hii yenye sumu haina harufu wala rangi, na kihisi chake huchakaa hata kama kengele haijawahi kulia. Nyingi hudumu kati ya miaka 5 na 10, kadiri mtengenezaji alivyoandika. Za moshi ni 10 tangu zitengenezwe. Tafadhali usiipime kwa moshi wa gari au jiko la mkaa. Kwa kanuni ya ubora ya Marekani, gesi ikifika sehemu 70 kwa milioni kengele inaruhusiwa kungoja saa 1 hadi 4 ndipo ilie. Kwenye 400, dakika 4 hadi 15. Utakuwa unaivuta wewe huku ukisubiri mlio.

Ukikuta yako imo kwenye tangazo, omba mbadala leo, na usiache dari tupu ukingoja: nunua nyingine hata ya bei nafuu, mradi ina alama ya viwango. Ile mbovu usimpe jirani wala usiiuze. Marekani kuuza bidhaa iliyotangazwa irudishwe ni kosa kisheria, na atakayeinunua atabonyeza kitufe, asikie mlio, alale.