Bingwa wa taifa wa mieleka bado hajafika Olimpiki

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako akitwaa ubingwa wa taifa wa mieleka amefuzu Olimpiki. Bado. Paris 2024, kila uzito ulitengewa nafasi 16: tano kutoka mashindano ya dunia ya Belgrade 2023, mbili kwa kila mchujo wa bara (Afrika na Oceania walikutana Alexandria), na tatu za mwisho Istanbul. Tena nafasi ni ya nchi, si ya mchezaji. Akiishinda, kamati ya Olimpiki ya taifa inaweza kumpeleka mwingine. Hili huumiza sana, ajue mapema.

Aende chama cha mieleka cha taifa, aulize kanuni za 2028 na nani atalipia nauli. Asijinyime maji kupunguza kilo. Amwone daktari kwanza.