Shafti ya boti ya rimoti ikichomoka Kigoma, usiitafute

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipo kirefu kuliko kote, na upande wetu huu huhitaji kwenda mbali na mchanga kabla chini hakujaanza kuporomoka. Kwa hiyo mwenye boti ya mashindano ya rimoti huku Kigoma ana hesabu tofauti na mwenzake anayeichezea kwenye bwawa la kuogelea Dar. Yeye shafti, yaani ule mhimili unaopeleka mzunguko wa mota kwenye propela, ikichomoka anavua shati na kuifuata. Huku imekwenda, na propela yake juu. Vijana wakiniuliza waanze kununua nini, mota kubwa au betri kubwa, huwa nawaambia wafunge shafti kwanza.

Nazungumzia boti zenye shafti ya waya, ile inayopinda. Fundi pikipiki mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, alipoishika mara ya kwanza alicheka: "Mzee, huu si waya wa spidometa huu?" Hakuwa mbali. Ni nyuzi za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, unene wa mm 4 au 4.76 kwa boti nyingi za ukubwa wa kati. Inapita ndani ya bomba la shaba. Upande wa mota inabanwa na koleti, kibanio cha chuma kinachoikaba ncha yake pande zote; upande wa nyuma inatokeza kwenye mguu mdogo wa chuma ulioning'inia nyuma ya boti, na hapo ndipo kinapofungwa kishikio cha propela, propela yenyewe, kisha nati.

Shafti ikipotea, lawama ya kwanza huenda kwa nati. Nati ya nailoni ikilegea unapoteza propela tu. Shafti nzima inaondoka pale koleti inapoachia, na mara nyingi koleti inaachia kwa sababu ya grisi. Bomba lazima liwe na grisi, bila hiyo maji yanapanda ndani na shafti inasagika. Sasa ukiichomeka kutoka nyuma, ile ncha inazoa grisi yote njiani na kwenda nayo moja kwa moja ndani ya koleti. Unakaza kwa nguvu zako zote, unajiona umemaliza, kumbe umebana mafuta.

Ninavyofanya mimi: naisukuma shafti mpaka ncha itokeze ndani ya boti, halafu nasimama hapo. Naifuta kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Ndani ya koleti napitisha kijiti cha pamba ya masikio, nacho kimeloweshwa thina. Hapo ndipo naiingiza mpaka mwisho wa koleti, siyo nusu, na kukaza kwa spana mbili zinazovutana. Usishike mota kwa mkono ukakaza kwa spana moja, utapinda kitu. Kisha chukua rangi ya kucha, ya dada yako au ya mkeo (omba kwanza), uchore mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye koleti hadi kwenye shafti. Ukirudi kutoka majini ukakuta mstari umekatika, vipande viwili havitazamani, ujue imeanza kuteleza. Usiirudishe majini siku hiyo.

Jambo la pili ni nafasi ya nyuma. Shafti ya waya ikipewa mzigo inajisokota na kuwa fupi kidogo. Ukiwa umebananisha kishikio cha propela na ule mguu, ikifupika inaugandamiza mguu, joto linapanda, beringi za mota zinavutwa, na koleti inavutwa vilevile. Acha uwazi wa mm 3 hadi 5. Mimi napima kwa kuchomeka shafti nyingine ya mm 4 katikati: ikipita bila kulazimisha, basi. Uwazi huohuo ndio unaopenda nyuzi za nyavu. Ukicheza karibu na mwalo wa Kibirizi au Katonga, vipande vya nailoni vimejaa, vyembamba kama unywele, na vikishaingia hapo vinayeyuka na kuwa gamba gumu ambalo hutaliona mpaka utoe propela. Litoe kwa wembe.

Pamoja na usafi wote huo, weka kinga. Ndani ya boti, kati ya koleti na mdomo wa bomba, funga kola ndogo, yaani pete ya chuma yenye skrubu, juu ya shafti. Koleti ikiachia, shafti inarudi nyuma kidogo, kola inagonga mdomo wa bomba na kukwama. Boti itasimama, lakini shafti unayo, na bomba halijabaki wazi kuingiza maji. Skrubu ya kola isiume nyuzi. Kwanza visha shafti kipande kifupi cha bomba jembamba la shaba na ukilehemu, halafu bana juu yake. Gharama yake ni ndogo kuliko soda.

Boti za bei nafuu hazina koleti, zina kapling, kiungio cha mota na shafti, ya skrubu mbili. Hapo piga tupa sehemu bapa kwenye ekseli ya mota ili skrubu ipate pa kukaa, tia tone la gundi ya kufungia nati, ile isiyo ya kudumu, uiache ikauke usiku kucha. Mota ya KV 2,000 (mizunguko 2,000 kwa dakika kwa kila volti) kwenye betri ya volti 11.1 inakaribia mizunguko 22,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Skrubu kavu kwenye mtikisiko huo haidumu, hasa kama propela haijasawazishwa.

Kurudi nyuma, kama rimoti yako ina kitufe hicho, kizime. Shafti hizi zimesokotwa kwa mzunguko wa upande mmoja. Ukigeuza, nyuzi za nje zinafunguka na propela inaivuta shafti nje badala ya kuisukuma ndani.

Ukiagiza shafti, agiza mbili na ndefu kuliko unavyohitaji. Kuikata usitumie koleo, itafumuka kama ufagio. Ilehemu pale unapotaka kukata, subiri ipoe, kisha kata katikati ya lehemu kwa diski ya kukatia chuma na ulainishe ncha kwa tupa. Ile ya akiba ipake grisi na uihifadhi imenyooka ndani ya bomba la plastiki. Ukiikunja kwenye begi, ikishapata kona hainyooki tena.