Oili ya sinthetiki au ya kawaida? Fundi anajibu maswali yenu

Safu ya mwezi huu ni oili mwanzo mwisho. Nilitaka tuongee breki lakini barua za oili zimezidi, tuzimalize kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha teksi ya mtandaoni hapa Dar, nakaa Kimara, gari ni Toyota IST ya 2004 ile ya cc 1490, imeshatembea 168,000. Fundi wangu huwa ananiwekea 20W-50 ya kawaida, anasema Dar joto, oili nyepesi inakuwa maji. Galoni ya lita 4 nanunua 45,000. Juzi nimeenda Kariakoo kutafuta filta, muuzaji akanitolea galoni ya sinthetiki 5W-30, laki na kumi, eti natembea nayo kilomita elfu kumi bila wasiwasi. Halafu abiria wangu mmoja akaniambia ukishaionja sinthetiki hakuna kurudi, ukirudi ya kawaida injini inakufa. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kuna maswali mawili umeyachanganya na mafundi wengi ndio wanavyoyachanganya. Kuna swali la uzito, yaani hizo 5W-30 na 20W-50 (namba ndogo ni oili nyepesi, namba kubwa ni nzito), na kuna swali la oili imetengenezwaje, yaani sinthetiki au ya kawaida. Ukikosea uzito, usinthetiki wa oili haukusaidii kitu, kwa hiyo tuanze na hilo.

Fundi wako anasema Dar joto. Sawa, Dar joto, lakini oili haijali sana joto la Dar. Injini ikishapata moto oili yake inacheza kwenye nyuzi 90 mpaka 110, uwe Kimara, uwe Njombe asubuhi ya mwezi wa saba. Kinachotofautiana ni ile dakika ya kwanza unapowasha, na hapo hata asubuhi ya Dar yenye nyuzi 25 kwa oili ni baridi. Kwenye nyuzi 40 tu, 20W-50 inakuwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Sasa IST yako ina VVT-i, ile inayosogeza kamshafti (shafti inayofungua valvu) kwa presha ya oili kupitia vinjia vyembamba, na cheni yake pia inakazwa na presha hiyohiyo ya oili. Ukiweka kitu kizito humo, ukiwasha alfajiri unasikia kelele kidogo mbele ya injini halafu inanyamaza, ndio oili ilikuwa bado inapanda.

Nisimuonee fundi wako lakini. Vitabu vya Toyota vya zamani vya nchi za joto vilikuwa na jedwali, na 15W-40 na 20W-50 zilikuwemo kwa sehemu zisizo na baridi. Kwa hiyo hajakuua injini. Ila gari yako haikutengenezewa huku, imetoka Japani, na kwa injini hiyo inayotakiwa ni 5W-30. Fungua dashibodi, kama kile kitabu cha Kijapani bado kipo usikitupe, herufi zote hutazisoma lakini 5W-30 imeandikwa hivyohivyo unavyoijua. Cheki pia kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kuna stika ya gereji ya Japani inaonyesha siku oili ilipomwagwa ikawekwa mpya na kilomita. Ukiona mwaka umeandikwa 25 usishangae, wanahesabu kwa enzi ya mfalme wao, Heisei 25 ni 2013. Hapo ndio watu huwa wanagundua gari ilimwagwa oili ikiwa na kilomita 140,000 halafu ikafika bandarini ikiwa na 80,000, ila hiyo mada ya siku nyingine.

Turudi kwenye sinthetiki. Oili ya kawaida inachujwa kutoka mafuta ghafi, inabaki na molekuli kubwa na ndogo zimechanganyikana, pamoja na nta kidogo na takataka nyingine ambazo zikipata moto sana zinaungua zinakuwa matope meusi. Sinthetiki halisi ya zamani inajengwa kiwandani kutoka gesi, molekuli zote zinafanana, haiungui haraka na haigandi haraka. Lakini galoni nyingi zilizoandikwa sinthetiki madukani ndani yake ni mafuta ghafi hayohayo yaliyosafishwa sana kwa hidrojeni kwenye moto na presha kali, wanaita kundi la 3. Mobil na Castrol, kampuni za oili, waligombana Marekani juu ya jambo hili, Mobil wakalalamika kwamba hiyo sio sinthetiki, mwaka 1999 wasimamizi wa matangazo ya biashara wakasema Castrol wanaweza kuendelea kuiita sinthetiki. Toka hapo neno limelegea. Sio kwamba kundi la 3 ni baya, ni zuri tu, ila ujue unapolipa laki na kumi hulipii neno, angalia herufi za API (taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili) nyuma ya galoni. Kwa petroli zinaanza na S, na ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SL ni ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. IST yako inatosheka na SL kwenda mbele. Ukiona SF au SG, hiyo ni ya miaka ya themanini, muachie mwenye genereta.

Na hela sasa, maana wewe ni mtu wa biashara. Tuseme filta 10,000 na ufundi 5,000. Ya kawaida inakutoka 60,000 kila kilomita 5,000, yaani shilingi 12 kwa kilomita. Sinthetiki inakutoka 125,000, ukienda nayo 10,000 kama alivyosema muuzaji ni shilingi 12 na nusu, karibu sawa kabisa. Ndio maana muuzaji anapenda kusema elfu kumi! Lakini wewe unafanya teksi. Foleni za Ubungo na Mwenge odomita haisogei ila injini inaunguruma na AC imewashwa. Ukienda wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 250 za injini, mwenzako anayekata Dar Dodoma kwa wastani wa 70 ni kama saa 71 tu. Kilomita ni zilezile, oili sio ileile. Toyota kule kwao Japani wanasema 15,000 au mwaka mmoja kwa gari ya kawaida isiyo na turbo (kile kifeni kinachosukuma hewa ndani ya injini), na matumizi magumu wanakata nusu, 7,500 au miezi sita. Wewe uko kwenye matumizi magumu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo sinthetiki imwage kwa 7,500, ambapo inakuja kama shilingi 16 na senti sabini kwa kilomita. Unalipa zaidi kidogo, unapata injini safi na unapunguza kukaa gereji badala ya barabarani. Mimi ningefanya hivyo. Siku mfuko umekaza, weka 5W-30 ya kawaida au semi (mchanganyiko wa kawaida na sinthetiki) yenye SN, mwaga kwa 5,000, hutajuta pia. Ambacho nisingefanya ni 20W-50 ya bei chee, na wala nisingefanya sinthetiki ya bei mbaya halafu niisahau mpaka 14,000, na hawa wa pili nawaona wengi kuliko wa kwanza.

Hilo la abiria wako ni stori ya kijiweni. Unaweza kurudi ya kawaida hata kesho, unaweza hata kuongezea ya kawaida juu ya sinthetiki ukikwama njiani, zinachanganyika. Stori ilianza zamani, sinthetiki za mwanzo miaka ya sabini zilikuwa zinasumbua sili, zile raba za kuzuia oili isitoke, zikavuja, watu wakaogopa mpaka leo. Kitu cha kweli kilichobaki ni hiki: injini iliyolishwa oili mbovu miaka mingi ina matope ndani, na matope yenyewe wakati mwingine ndio yameziba sili iliyochoka. Oili mpya nzuri inayasafisha na uvujaji unaonekana. Kwa hiyo kabla hujabadilisha, fungua kifuniko cha kuwekea oili, mulika na tochi ya simu. Ukiona chuma cha rangi ya dhahabu au kahawia, endelea. Ukiona lami nyeusi imeganda, mwaga mara mbili za karibukaribu, kila 3,000 na filta mpya, ndipo uende 7,500. Na fundi akikwambia tuoshe injini kwa dizeli mwambie asante hapana, dizeli inabandua vipande vikubwa kwa mkupuo, vinashuka kuziba kichujio kilicho ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, taa ya oili inawaka ukiwa Kibamba na abiria.

Nisisahau, injini hiyo ukibadilisha na filta inaingia lita 3.7. Galoni ni 4. Ile inayobaki ni yako, fungia uweke kwenye buti.

SWALI: Kaka, nina Forester ya turbo, niko Arusha. Naweza kubana matumizi nikaweka oili ya kawaida ila nikawa namwaga mapema?

JIBU: Hapana. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kinachobeba shafti yake ni utando wa oili tu, na ukizima gari ghafla oili iliyobaki mle inapikwa. Ya kawaida inaacha makaa yanayoziba njia. Weka sinthetiki kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu, mwaga kwa 5,000, na ukitoka kupanda kilima iache injini isinzie kidogo kabla hujazima. Ukitaka kubana, bana kwenye muziki.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama wa watoto watatu niko Dodoma na Noah. Nimemwaga oili wiki iliyopita, nimevuta stiki ya kupimia oili leo nakuta imeshaanza kuwa nyeusi. Nimeibiwa?

JIBU: Dada yangu, kwa hilo peke yake hapana. Ndani ya oili kuna sabuni, kazi yake ni kubeba uchafu, na injini yenye uchafu itaifanya nyeusi haraka. Ingebaki ya dhahabu miezi mitatu ndio ningeanza kujiuliza. Vitu vya kukutisha ni viwili: ukinusa stiki ukapata harufu kali ya petroli, au ukaona imekuwa kama chai ya maziwa, hapo maji ya rejeta yameingia, usiwashe gari tena. Na muulize fundi kama themostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, bado ipo. Wengi wanaitoa eti gari isichemshe, matokeo yake injini haifiki moto wake, petroli na mvuke vinabaki kwenye oili, halafu tunailaumu oili.

SWALI: Mwanangu, nina Corolla 110 hapa Tanga tangu nikiwa kazini, sasa nimestaafu na yenyewe inataka kustaafu. Inakula oili. Mjukuu anasema niweke sinthetiki.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mwambie mjukuu ahsante lakini hela hiyo itatoka kama moshi, kweli kabisa kama moshi. Kwako 15W-40 au hata 20W-50 ya kawaida ndio mahali pake, inaziba mwanya kidogo na kuongezea hakuumizi. Kwanza angalia moshi wa bluu unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi tu unapowasha halafu unakata, ni sili za valvu, sio kazi kubwa sana. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, ni ringi za pistoni, na hapo piga hesabu kama gari inastahili. Vuta stiki kila Ijumaa mzee, gari inayokula oili inaua injini siku moja tu ya kusahau.

SWALI: Niko Unguja, Vitz yangu inatoka nyumbani hadi kazini Darajani na kurudi, kwa mwaka haifiki hata kilomita 3,000. Si naweza kukaa na oili hiyohiyo miaka miwili?

JIBU: Usikae. Safari fupi ndio mbaya, injini inazimwa kabla haijapata moto, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani. Mwaga mara moja kwa mwaka hata kama odomita haijasogea, semi inakutosha, sinthetiki ya bei kubwa hapo ni hela umeitupa baharini. Na mara mojamoja wikiendi ipeleke Nungwi au Makunduchi, iunguze huo unyevu.

SWALI: Fundi, hapa Nairobi oili feki zimejaa, nawezaje kujua galoni ni halali?

JIBU: Kwa macho ni ngumu maana galoni yenyewe mara nyingi ni ya kweli, kilicho ndani ndicho sicho. Angalia pete ya kifuniko, inatakiwa ikatike mkononi mwako wewe, sio iwe imeshalegea. Angalia karatasi ya foili chini ya kifuniko, na namba za tarehe ya kutengenezwa zilizopigwa kwenye plastiki kama zinafutika kwa kidole. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine, kimbia. Nunua kwenye kituo cha mafuta chenye jina au kwa wakala, uende nayo mwenyewe kwa makanika ukasimame hapo inapomiminwa. Na ikiisha usimwachie galoni tupu hata akisema ataitumia kubebea maji, wanazikusanya na kuuziana. Itoboe kwa bisibisi hapohapo mbele yake, tundu mbili, moja chini.